Wiki ya Noeli Napoli, ndani ya koti la marehemu

Jumamosi, 20 Desemba

Nimefika Napoli saa kumi jioni. Begi langu halijafika. Nilisimama pale mizigo inapozunguka mpaka mkanda ukazimwa, tukabaki mimi na kigari cha mtoto kisicho na mwenyewe. Dada wa kaunta akanipa fomu nijaze, akasema begi limebaki kule tulikobadilishia ndege, litakuja kesho au kesho kutwa. Ndani ya begi mna masweta mawili ya mtumba, korosho kilo mbili, karafuu, na doti ya kanga. Mwilini nina shati na kikoti changu cha harusini. Nje ni nyuzi 9. Mtu wa Tanga nyuzi 9 anazijua kwenye friji tu.

Mdogo wangu yuko huku mwaka wa saba sasa. Kazi yake ni kumtunza bibi mmoja wa miaka 88, anayeishi ghorofa ya nne katika mtaa wa Sanità. Lifti hakuna. Bibi aliponiona mlangoni ninavyotetemeka hakuuliza jina wala habari za safari. Aliingia chumbani, akatoka na koti la sufu rangi ya mkaa, zito kama blanketi la jeshi, linanuka dawa ya nondo. Akanivisha kwa mikono yake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuniangalia.

"La nani hili?" nikamuuliza mdogo wangu kwa Kiswahili.

"La mumewe."

"Mumewe yuko wapi?"

"Kaka, wewe vaa tu."

Mabegani limenikaa sawasawa. Mikono ndiyo imepungua vidole viwili.

Jumapili, 21 Desemba

Sanità iko bondeni. Juu yake linapita daraja kubwa lililojengwa enzi za utawala wa Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19, ili barabara ya kwenda jumba la kifalme la Capodimonte isishuke huku kwa wanyonge. Watu wa chini wakitaka kwenda juu wanapanda lifti iliyojengwa kwenye nguzo ya daraja. Yaani mtaa mzima una lifti, nyumba ya bibi haina. Huku ndiko alikozaliwa Totò, mchekeshaji wao mkuu, mwaka 1898, na sura yake ile ya kidevu kilichopinda utaikuta ukutani kila unapogeuka.

Asubuhi tulikwenda misa. Niliporudi nilimkuta bibi kibarazani anashusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofa ya nne. Kijana wa duka la chini akatia mkate na limau, akachukua hela iliyokuwa ndani, akapiga mluzi. Bibi akavuta kamba mkono kwa mkono, kama mvuvi anayetoa nanga. Umri wa miaka 88! Nikataka kumsaidia, akanipiga kikofi cha mkono. Kikapu ni chake.

Mchana nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikatoa peremende iliyoganda na karatasi ndogo iliyokunjwa. Kumbe tiketi ya bahati nasibu ya Lotto, wino umefifia. Namba mbili zilisomeka: 19 na 52. Ya tatu ilikuwa imefutika. Nikampa bibi. Sikutegemea kilichofuata. Alikaa chini, akavaa miwani, akaibusu ile karatasi, akasema maneno ambayo mdogo wangu alichelewa kunitafsiria kwa sababu ya kucheka. "Anasema marehemu ameongea. Na marehemu anayeongea ni 48."

Ikabidi nifundishwe. Wanapoli wana kitabu cha ndoto kinachoitwa Smorfia, ambamo kila jambo la dunia lina namba yake, kuanzia 1 mpaka 90. Kumi na tisa ni kicheko. Hamsini na mbili ni mama. Maiti ni 47, na maiti anayesema ni 48. Ukiota, ukiona ajali au ukigombana na shemeji, unatafuta namba unaenda kucheza. Na wafu ndio washauri wakuu. Juu kidogo ya mtaa huu kuna makaburi ya Fontanelle, pango la machimbo ya mawe lililojaa mafuvu kwa maelfu, ya watu waliokufa kwa tauni na magonjwa mengine, wasio na majina. Zamani wanawake wa Sanità walikuwa wanachagua fuvu moja, wanalifuta vumbi, wanaliwashia mshumaa na kuiombea roho yake itoke toharani. Roho nayo ilitarajiwa kulipa fadhila usingizini, kwa namba. Kanisa lilipiga marufuku mwaka 1969. Bibi anasema mama yake alikuwa na fuvu lake, mpole sana, ila namba zake hazikuwa nzuri.

Kesho natakiwa nikacheze 19, 48 na 52. Euro moja, kwa gurudumu la Napoli, yaani droo ya mji huu, si la mji mwingine.

Jumatatu, 22 Desemba

Siku hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonileta. Mimi ni fundi seremala, na pango la Noeli la parokia yetu nalijenga mimi, mwaka wa 14 huu. Makuti kidogo, mchanga wa Raskazone, mbuzi wa plasta aliyevunjika pembe, Mama, Yosefu, Mtoto. Imetosha. Nilimwambia kila mtu naenda kumwona mdogo wangu, na ni kweli. Lakini nilikuwa na safari nyingine moyoni, ya mtaa wa San Gregorio Armeno.

Ni kichochoro tu, kinachounganisha Via dei Tribunali na ile barabara nyembamba iliyonyooka inayoupasua mji wa kale, Spaccanapoli. Pande zote mbili ni karakana za mapango, na zinafanya kazi mwaka mzima, Julai kama Desemba. Ila Desemba hutembei, unabebwa. Kwenye meza za nje wamepangwa wachungaji, wachuuzi, makondoo, madaraja, visima vinavyotoa maji kweli, na fundi wa piza anayeingiza na kutoa piza kwenye tanuri kwa mota ndogo. Kisha wapo watu wa leo: wanasiasa, waimbaji, wachezaji mpira, kila aliyevuma mwaka huu amefinyangwa. Maradona yuko wa kila saizi, na sikumwona mtu akishangaa kumkuta karibu na Mama Maria.

Muuzaji mmoja akaniona, akanyanyua mfalme mweusi wa Mamajusi, kilemba cha dhahabu, akaniinamia: "Mfalme!" Watu wakacheka. Nikaangalia uso wa yule mfalme. Alichongwa vizuri, hakudhihakiwa, pua ni pua na mdomo ni mdomo, nami nikainama nikamrudishia salamu. Nimeshaona vya kuudhi zaidi uwanja wa ndege.

Ndani ya karakana moja mzee alikuwa anamfunga mchungaji mwili. Nikasimama mlangoni mpaka akanikaribisha. Mapango ya Napoli ya karne ya 18, na yale yanayotengenezwa bado kwa mtindo huo, hayachongwi mtu mzima kwa kipande kimoja. Kichwa ni udongo wa kuchoma, macho ni kioo. Mikono na miguu ni mbao. Katikati hamna mwili: ni waya uliozungushiwa nyuzi kavu, halafu juu nguo halisi, hariri, vifungo vidogo kama punje za mtama. Nikazichukua zile nyuzi nikazinusa, maana mtu aliyekulia Tanga akiona nyuzi za rangi ile anadhani katani. Si mkonge, ni mmea mwingine, lakini kwa mkononi ni ndugu kabisa. Yule mzee akakunja mkono wa mchungaji, ukabaki hapo hapo, kama mtu anayesema "ngoja kwanza." Akanipa na mimi nikunje wa pili. Mimi ninayepigilia misumari miguuni mwa mbuzi.

Nilitaka kununua Mtoto Yesu. Akatikisa kichwa, akanipa kijana aliyelala chali, kofia usoni. Anaitwa Benino. Kila pango la Napoli lazima awemo, na huwekwa juu kabisa, mbali na hori. Mdogo wangu akatafsiri: "Anasema pango lote ni ndoto ya huyu. Usimwamshe. Akiamka, hakuna kitu." Euro 12. Akamviringisha kwenye gazeti.

Kwenye kona ya mtaa walikuwepo wapiga muziki wawili walioshuka kutoka milimani na fulana za ngozi ya kondoo, mmoja ana mfuko wa kupulizia, mwingine ana filimbi ndefu yenye mdomo uliopanuka. Wao wanaiita ciaramella. Mimi nimekulia pwani, na ile ni zumari, sauti na umbo. Nilifumba macho sekunde mbili nikawa harusini Mkwakwani.

Baadaye tukapanda treni ya kamba kutoka Montesanto hadi kilima cha Vomero, kwenye monasteri ya zamani ya San Martino ambayo sasa ni makumbusho. Pale kuna pango la Cuciniello, lililofunguliwa mwaka 1879. Michele Cuciniello alikuwa msanifu majengo na mwandishi wa tamthilia. Alikusanya wanasesere wa karne ya 18 maisha yake yote, kisha akaupa mji wake bure, akasimamia mwenyewe ujenzi wa mlima wa kuwapanga. Kuna watu zaidi ya 150 mle. Nilisimama muda mrefu mbele ya nyumba ya wageni tu: mapaja ya nguruwe yametundikwa, vichane vya vitunguu, kikapu cha samaki ambacho ningekifunika kwa kidole gumba, na samaki kila mmoja ana jicho. Mwanamke anamnyonyesha mtoto. Mzee ana uvimbe shingoni, fundi hakumficha. Msafara wa wafalme unateremka na wapiga tarumbeta wao.

Mtoto Yesu ikabidi nimtafute. Kumbe yuko kwenye magofu ya hekalu la Kirumi, nguzo zimekatika, malaika wamerundikana juu. Hekalu hilo nalo lina sababu yake: mwaka 1738 mfalme wa hapa alianza kuchimba Herculaneum, na 1748 Pompei, miji iliyofunikwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79, na mafundi wa mapango wakawa wanaona nguzo zinafukuliwa jirani kabisa. Wakamzalia Yesu humo. Bethlehemu hawakuijua, walichokuwa nacho ni soko lao, walevi wao, magofu yao. Karibu kila mtu kwenye lile pango ana shughuli nyingine na hajui kuna mtoto amezaliwa.

Mimi mwaka wa 14 namweka katikati, na balbu juu yake.

Tulishuka kwa miguu kwa ngazi za Pedamentina, 414, jua linazama nyuma ya bahari na Vesuvio limekaa kimya upande wa pili. Nikacheza namba kwenye duka la tumbaku. Magoti yananiuma.

Jumanne, 23 Desemba

Nimepiga simu kuhusu begi mara tatu. Mara ya tatu nimesikiliza muziki dakika 25.

Jioni droo ikafanyika. Si 19, si 48, si 52. Bibi hakustuka. "Hata alipokuwa hai," akasema, "hakuwahi kupatia."

Tukapita Galleria Umberto I, lile jengo la paa la kioo, kuona mti ambao watu wanatundika barua za kuomba mambo kwa Noeli. Mti huo una historia ya kuibwa. Vijana wameshauiba miaka kadhaa, mti mzima, na maombi yake.

Usiku wa manane ndipo kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 24, soko la samaki la Porta Nolana halilali. Taa, kelele, maji yanatiririka miguuni, na beseni za buluu zenye mikunga hai, samaki warefu kama nyoka. Mkunga mnene jike, wanayemwita capitone, ndiye chakula cha mkesha. Wazee wanasema ni yule nyoka wa Hawa, kumla ni kulipa kisasi. Muuzaji wetu alimkamata mmoja kwa gazeti, mkunga akateleza, akaanguka, akakimbia kwenye mawe yenye maji kama mwizi wa Kariakoo. Watu wakaruka. Mimi, kwa ujinga wa pwani, nikainama nikamkaba kwa mikono miwili na mkono mzima wa koti. Nikapigiwa makofi. Sasa koti lina harufu mbili.

Jumatano, 24 Desemba

Jikoni tangu asubuhi. Leo hawali nyama, ila usidhani ni mfungo. Bibi amekaa kwenye kiti na mwiko kama refa. Mkunga amekatwa vipande na vipande vikaendelea kujikunja kwenye sinia. Mdogo wangu amezoea, mimi nikatoka kibarazani kidogo. Kuna samaki mkavu wa chumvi, baccalà, aliyelowekwa siku kadhaa akibadilishiwa maji, sawa na tunavyofanya papa, halafu anakaangwa na unga. Kuna koliflawa yenye zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili za siki. Bakuli hilo haliishi, kila siku wanaongezea mpaka sikukuu ya Mamajusi.

Mimi nikapewa struffoli. Unga unaufanya kamba, unakata vidonge kama njegere, unakaanga, unavichanganya na asali ya moto na chengachenga za sukari za rangi. Nikamwambia mdogo wangu, "Si visheti hivi?" Akanijibu, "Mwaka wa kwanza nilivila huku nalia."

Jioni wakaja watoto wa bibi, wakwe, wajukuu, tukawa 14. Meza ikawa meza mbili na ubao wa mlango wa zamani, na ile ya katikati ikawa inayumba. Wanaume watatu wakaijadili kwa sauti. Nikachukua kipande cha kizibo cha divai, kisu cha jikoni, nikachonga kabari, nikaisukuma kwenye mguu. Ikatulia. Kuanzia hapo nikajaziwa sahani bila kuulizwa: tambi za kome kwanza, halafu samaki, halafu mkunga. Mkunga ni mtamu, nakiri, mafuta mengi, ngozi inakwaruza meno.

Baada ya kula, tombola. Inasimuliwa kwamba mwaka 1734 Mfalme Karolo na padri Mdominiko Gregorio Rocco walibishana juu ya Lotto, mmoja akitaka kodi na mwingine akilia na dhambi, wakakubaliana isichezwe wiki ya Noeli. Watu wakatia namba 90 kwenye kikapu wakacheza majumbani. Kila mtu ana kadi; namba ikitoka unaifunika kwa punje ya haragwe au kipande cha ganda la chenza. Bibi ndiye mwenye kikapu. Namba hazitaji kwa namba, anazitaja kwa majina. "Noeli!" ndiyo 25. "Miaka ya Kristo!" ndiyo 33. Ikatoka "Capitone!", 32, wote wakaninyooshea mkono uliomkamata. Ikatoka 77, miguu ya wanawake, mjukuu mmoja akapigwa kibao na mkewe kabla hajasema kitu.

Halafu bibi akatoa kidude, akakisogeza kwenye miwani, akanyamaza. Akaniangalia mimi, nimekaa mwisho wa meza na lile koti kwa sababu nyumba ni baridi. Akasema polepole kwa Kinapoli: maiti anayesema.

Meza ikalipuka. Mtoto wake mkubwa, mwanaume wa miaka 60 na kitu, alicheka mpaka akatoa machozi, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Akainuka, akaja, akanirekebisha kola ya koti, akarudi kukaa. Hakuna aliyesema neno. Mimi 48 nilikuwa nayo kwenye kadi, nikaweka haragwe.

Saa sita kasoro wakazima taa. Pango lao liko kwenye ujia, limejengwa kwa magamba ya mti ule wa vizibo, linachukua nusu ya njia. Siku zote hizi hori lilikuwa tupu. Mtoto mdogo kuliko wote, ana miaka mitano, akabeba Mtoto Yesu kwenye mto, sisi nyuma na mishumaa, tukazunguka vyumba vyote, hata bafuni, tukiimba. Mimi niliimba ya kwetu. Mahadhi hayakukubaliana na hapakuwa na aliyejali. Saa sita mji ukaanza kupasua fataki kana kwamba vita imeisha.

Alhamisi, 25 Desemba

Supu ya mboga za majani na nyama za aina nyingi, wanayoiita ya ndoa, kwa sababu mboga na nyama zimeoana. Kulala. Kula tena. Mchana mabasi ni ya kutafuta kwa tochi, barabara tupu, paka tu.

Jumamosi, 27 Desemba

Jana mvua, sikutoka.

Leo begi limekuja, saa tatu asubuhi, kijana amelipandisha ghorofa nne na kulitupa mlangoni. Masweta, kwa siku moja iliyobaki. Bibi akapewa kanga zake. Akajitanda moja kichwani, moja kiunoni, bila kufundishwa, akaenda kushusha kikapu zikiwa mwilini ili majirani waone. Kijana wa dukani alipiga mluzi mara mbili.

Koti nililifuta kwa kitambaa chenye siki, nikalipiga upepo kibarazani, nikamrudishia. Akalinusa. "Mkunga," akasema, na hakuonekana kuchukia. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akaitoa ile tiketi yangu ya 19, 48 na 52. Nikadhani ataitupa. Akaikunja mara mbili, akairudisha mfukoni mle mle, akaning'iniza koti kabatini na kufunga mlango.

Jumapili, 28 Desemba

Uwanja wa ndege wa Capodichino, saa kumi na mbili asubuhi. Mashine imepiga kelele kwa begi langu la mkononi. Ofisa akafungua, akatoa furushi la gazeti, akalifungua tabaka kwa tabaka, uso mkavu. Alipofika mwisho akaona yule kijana na kofia yake. Akaniangalia, akaangalia mashine, akaweka kidole mdomoni kunionya nisipige kelele. Kisha akamviringisha upya, polepole, akaanzia miguuni.